Mjomba Kondo Ndani ya Gemu

Leo nimeumbuka.

Si kule kuumbuka kwa kuteleza kwenye tope huku wasichana wa bombani wanakuangalia. Hapo unajifuta, unaenda zako. Mie nimeumbuka kwa rangi, tena na muziki wake, mbele ya mjomba mtu, mama mkwe mtarajiwa, mshenga wangu, na nusu ya Mwananyamala iliyokuwa imejazana dirishani. Nimekuja mbio mpaka hapa Kinondoni kwenye duka la intaneti ili mlisikie kwangu mwenyewe, kabla halijawafikia likiwa limeongezwa chumvi. (Halihitaji chumvi. Mtaona.)

Juma kawaingiza wenzake wa kazini huko Mwanza kwenye hizi barua pepe zetu, kwa hiyo kwa heshima ya wageni naanza mwanzo. Rajabu na Petro, vumilieni.

Sie wanne tuna ugonjwa mmoja tangu sekondari, na ugonjwa wenyewe unaitwa Mabuti. Ni gemu. Kuna mtu mfupi, kaptura, mabuti ya mvua, anazunguka dunia nzima akitafuta punda wake walioibwa. Jina lake halisi limeandikwa kwa maandishi ya huko wanakomtengeneza, hatukuwahi kuweza kulisoma, basi tukamwita Mabuti na ikatosha. Mabuti ya Kwanza aliileta baba yake Rajabu kutoka Dubai, enzi hizo televisheni yenyewe ni ya kutazamia kanda za video tu. Ikaja ya Pili. Ikaja ya Tatu. Sasa tuko ya Nne, na sisi ni watu wazima wenye ndevu.

Ubishi wetu nao ni ule ule: Mabuti achezwe wapi? Petro anasema ya mkononi, basi. Juma anaapa kwa ile ya mezani ya zamani, ya kaseti za manjano, ile ambayo lazima uipulize kaseti kama unampuliza mtoto jicho ndiyo ikubali. Mie msimamo wangu mnaujua na sijabadilika. Mabuti ya Kwanza na ya Pili, kaseti za manjano, hakuna mjadala. Ya Nne, gemu mpya ya mezani, ile nyeusi, kwa sababu ya rangi. Unaona mpaka jasho kwenye kipaji cha Mabuti. Lakini ya Tatu, jamani, ya Tatu ni ya mkononi tu. Ile ile ya kijivu, nzito kama tofali, kioo cha kijani kibichi, inakula betri nne kwa mpigo. (Betri zangu naanika juani zikiisha nguvu, kama bibi zangu walivyoanika za redio. Zinarudi. Msinibishie.) Ya Tatu ndiyo yenye punda wa kupanda, na ukimchukua punda unampa jina. Hilo la jina likumbukeni, litatusumbua mbele.

Na wageni wajue jambo moja zaidi. Hakuna anayepigana na jitu la mwisho akiwa peku. Petro alilishinda la kwanza kabisa akiwa kavaa mabuti ya mvua ya baba yake, alikuwa katoka kufyeka. Tangu siku hiyo ni sheria. Ukifika kwa jitu, unavaa mabuti. Mie nina ishirini na saba, ni mtunza stoo, nina funguo za watu kiunoni, na chini ya kitanda changu kuna mabuti ya mvua kwa ajili ya shughuli hiyo tu.

Haya. Sasa Hidaya.

Hidaya ni binti wa mama mwenye nyumba wangu. Nimepanga pale, chumba cha kwanza mkono wa kulia, ukuta mmoja na sebule yao. Nampenda. Sina namna nyingine ya kulisema. Akipita koridoni na ndoo yake mie napoteza hesabu ya nilichokuwa nafanya, na yeye anajua, na anapitaga tena makusudi. Mama yake ananipenda pia, maana mie ndiye niliyemsimamishia antena: bomba refu kuliko yote mtaani, na waya nikauchepusha nusu uende sebuleni kwake, nusu uje chumbani kwangu. Akasema, "Sefu mwanangu, una mikono ya dhahabu." Yakumbukeni na hayo.

Tatizo ni mjomba. Hidaya ni Mzaramo, na kwao mama anaweza kukupenda mpaka akakupikia, lakini mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba Kondo anakaa Kinyerezi, analima matikiti, ana tumbo la mtu asiyeuza matikiti yote. Posa imepelekwa. Mara ya kwanza akasema jibu bado, anafikiri. Mara ya pili akasema jibu lipo ila halina haraka. Halafu nikasikia pembeni kwamba kinachomkwaza ni mie mwenyewe: "Kijana mpole mno. Sijui ana nini ndani." Leo Jumapili ilikuwa mara ya tatu na ya mwisho. Akikataa, namkosa Hidaya, na chumba nahama, maana huwezi kunyimwa binti halafu kila asubuhi mnapishana naye kwenye zamu ya bafu.

Ile mara ya pili nilirudi chumbani nimefura. Nikawasha Mabuti ya Nne. Kama hamjafika mbali nayo: ya Nne inakuruhusu kuandika jina lako, na jina la jitu la mwisho. Jitu lenyewe ni kiboko aliyevaa taji, tumbo hili, na silaha yake anakurushia matikiti.

Matikiti, jamani! Nifanyeje?

Nikaandika KONDO.

Wiki nzima nikawa natoka kazini, navaa mabuti, namtwanga KONDO utosini, nalala usingizi mzuri. Hakuna aliyeumia. Ilikuwa dawa.

Jana mchana kile kimkebe cha swichi, kile kinachobadilisha kutoka antena kwenda gemu, kikafa. Duka lake ni mpaka Kariakoo. Mie na mikono yangu ya dhahabu nikaona kwenda Kariakoo kwa ajili ya kimkebe ni ushamba. Nikachuna waya wa antena, nikachuna waya wa gemu, nikachuna waya wa TV, nikasokota vyote vitatu pamoja kama mkia wa mbuzi, nikazungushia gundi ya karatasi. Nikawasha. Picha safi! Nikajipongeza kwa sauti.

Ndugu zangu, waya haujui kwenda upande mmoja. Hilo nimejifunza leo.

Basi leo. Mshenga wangu ni Baba Mkubwa Salehe, mzee wa maneno, mtu anayeweza kukuombea samahani kabla hujakosa. Alipita asubuhi kunionya.

"Sefu, leo usionekane. Muoaji haonekani siku ya jibu. Nenda kokote, hata kivuli chako nisikione."

"Sawa, Baba Mkubwa. Naenda Kinondoni."

Sikwenda Kinondoni. (Ningekwenda Kinondoni, leo ningekuwa mtu.) Nilitaka kusikia jibu kwa masikio yangu. Nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia njiani, na sauti ya sebuleni inaruka juu na kutua kitandani kwangu kama nimealikwa. Nikamnong'oneza Hidaya anifungie kufuli kwa nje, ili kila anayepita aone mwenye chumba hayupo. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akafunga, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya kanga yake, akaenda jikoni uani kuchoma maandazi ya wageni.

Nikawa ndani. Kaptura tu, maana joto. Nikasikia wanaingia, shikamoo, marahaba, kiti hiki, hapana kaa wewe. Nikasikia Baba Mkubwa akijisafisha koo.

"Tumerudi tena mlangoni kwenu, ndugu yangu Kondo. Lile neno letu tumelifuata."

"Neno lipo," akasema Mjomba.

Mjomba akaomba maji. Akanywa. Akasifu maji. Nikaona nitakufa kabla ya jibu. Na mnajua mie nikibanwa kuna dawa moja tu.

Nikazima kabisa sauti ya TV yangu, nikawasha gemu.

Wakati huo huo, na hapa ndipo shetani alipoingia, Mama Hidaya akasema, "Jamani tusikae kama msibani, ngoja niwawashie televisheni." Mnajua heshima ya mgeni huku kwetu. Kile kitambaa cha kufuma kikatolewa juu ya TV, kikakunjwa, kitufe kikabonyezwa. Watu wa dirishani, ambao kila Jumapili wapo, wakasogea.

Nikasikia muziki wa Mabuti ya Nne.

Nikaangalia TV yangu. Sauti nimezima. Nikaipunguza tena, haina pa kupungua. Muziki upo. Nikasema, Sefu, hofu hiyo, kichwa chako kimeshika wimbo. Nikaendelea kucheza.

Nikaanguka kwenye shimo la kwanza. (Masikio yalikuwa sebuleni.) Sebuleni mtu akasema, "Aaah!"

Nikaanguka tena. "Aaah!" Safari hii na dirishani.

Nikawaza kuna mechi. Nikafurahi hata, kwamba wameacha kunijadili. Kisha nikamsikia Mjomba Kondo, sauti ya mtu aliyesogea mbele ya kiti:

"Huyu bwege. Shimo si analiona? Mbona anatumbukia lile lile?"

"Labda haoni vizuri," akasema Mama Hidaya, kwa huruma.

"Anaona. Hana moyo tu. Ruka! Ruka sasa, wewe!"

Nikaruka. Wallahi niliruka, mkono ukatii wenyewe. Mabuti akavuka shimo. Sebule nzima ikapiga makofi, na dirishani wakapiga mbinja. Mie na ujinga wangu nikaona ni nyota njema: nimevuka wakati huo huo wanaoshangilia mechi wameshangilia. Nikatabasamu peke yangu.

"Ngazi! Panda ngazi!" Mjomba huyo.

Nikapanda ngazi.

"Chukua uyoga! Kushoto! Kushoto kwako!"

Nikachukua uyoga. Sijawahi kucheza vizuri vile. Petro, ile sehemu ya madaraja yanayodondoka ambayo sote tunakufaga, nilipita bila kuguswa, huku mzee wa miaka sitini na kitu ananielekeza kupitia juu ya ukuta na mie sijui kama ananielekeza. Mpaka nikafika mlango wa jitu nikiwa na roho tano mkononi, yaani nafasi tano za kufa. Roho tano! Nikasimamisha kidogo, nikainama chini ya kitanda, nikavaa mabuti. Sheria ni sheria.

Nikaingia.

Mnajua kinachotokea hapo. Skrini inakuwa nyeusi, ngoma inapigwa, yanatokea maandishi makubwa ya dhahabu, jina juu na jina chini. Halafu kiboko anashuka kutoka juu, anatua kwa tumbo, ardhi inatikisika.

Sebuleni mtu akaweka bilauri chini.

Halafu sauti ya Mama Hidaya, taratibu kabisa:

"Kaka… si jina lako lile?"

"Lipi?"

"Lile. Salehe, wewe una miwani. Hebu soma."

Na Baba Mkubwa wangu mwenyewe, mshenga wangu, niliyempeleka kwa mikono yangu, akasoma kwa sauti ya darasani:

"SEFU." Sauti ikashuka. "Na… KONDO."

Jamani. Damu iliniishia miguuni, ndani ya yale mabuti. Nikatazama TV. Nikatazama waya. Nikaufuata kwa macho, ule mkia wa mbuzi wangu, gundi yangu ya karatasi, unavyopanda ukutani, unavyopita juu ya ukuta, unavyoshuka upande wa pili. Nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Mechi haikuwepo. Mechi ilikuwa mie.

Akili ikaniambia zima. Mkono ukabonyeza kusimamisha. (Sijui kwa nini. Msiniulize.) Na mnajua ukisimamisha kwa jitu, yale majina yanarudi na kuganda pale pale, makubwa, ya dhahabu, yanametameta. Nikawa nimewatundikia bango.

"Kwa hiyo," akasema Mjomba pole pole, "yule mwenye mabuti, anayetumbukia tumbukia, ndiye Sefu."

Nikasikia Baba Mkubwa akifunga miwani kwenye kasha lake.

"Na mimi ndiye yule mnene."

Baba Mkubwa akakohoa kikohozi cha mtu anayetafuta mlango. Dirishani mtu alishindwa, akacheka puani, wenzake wakamziba.

"Yule mwenye taji," akasema Mjomba.

"Naam, mwenye taji," akadakia Baba Mkubwa, mbio mbio. "Ndugu yangu, kijana amekuvika taji. Huoni heshima hiyo? Amekuweka mwisho wa safari, kwamba hakuna kupita ila kwako!"

Mzee yule apewe maua. Nikaanza kupumua.

"Mh," akasema Mjomba. "Na hayo niliyoshika ni matikiti?"

"Matikiti, kaka," akasema Mama Hidaya. "Makubwa kuliko yako."

"Basi mbona wamesimama? Waendelee tuone!"

Hapo sasa ndipo mtihani. Nikiendelea nampiga mjomba wa watu utosini mbele ya mtaa mzima, nasahau ndoa. Nisipoendelea nimemgomea mzee. Baba Mkubwa akamaliza kazi. Akaigeuzia sauti yake juu ya ukuta, na kwa nguvu, kana kwamba anamwambia Mungu, akasema:

"Kijana mwenye adabu hampigi mjomba wa mtu."

Nikaelewa. Nikaondoa kusimamisha, na nikasimama pale katikati kama gunia. Kiboko akarusha tikiti. Likanipata la uso.

"Eeeh!" Mjomba akaruka kitini, nilisikia kiti kikigonga ukuta wangu. "Nimempata! Mmeona?"

Roho moja imekwenda. Nikarudi, nikasimama tena. Tikiti. "Toa hiyo! Toa!" Roho ya pili. Dirishani wameshaingia kwenye ushabiki, "Kon-do! Kon-do!" na mjomba anawajibu, "Ngojeni, bado!"

Sasa nyie mnaocheza mtanielewa. Kuna kitu kinachouma kuliko kukataliwa posa: kuwa na roho tano safi, mabuti miguuni, unajua kabisa kwamba kiboko akiinua mkono wa kushoto unaruka na kumtwanga, na usiruke. Kidole kinawasha. Kwenye roho ya nne kidole kilinishinda, nikaruka, nikamgonga kimoja tu, kidogo tu, utosini.

Zogo likaisha. Likaisha kabisa.

"Kanipiga," akasema Mjomba.

"Kateleza!" akapiga kelele Baba Mkubwa. "Mabuti hayo yanateleza!"

Nikajitupa mwenyewe kwenye shimo. Kwa hiari yangu. Na roho ya tano nikajipeleka mpaka miguuni pa kiboko, nikalala. Akanikalia. Ikalia ile tarumbeta ya mwisho, kiboko akacheza ile ngoma yake ya kutikisa tumbo, na jina KONDO likawaka skrini nzima na nyota zikiruka. Nilimsikia mzee wa Kinyerezi akicheka kicheko ambacho hata dada yake alisema hajakisikia tangu utoto wao.

Kisha nikasikia nyayo koridoni. Zikaja moja kwa moja kwangu. Kufuli likatikiswa.

"Sefu."

"Naam, Mjomba. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Uko ndani?"

"Niko ndani, Mjomba."

"Mbona kufuli liko nje?"

Jibu la swali hilo lingekuwepo duniani ningelitoa. Akauliza ufunguo anao nani, nikasikia ndara za Hidaya zikija kutoka uani, pole pole, mtu anayekwenda kujisalimisha. Akafungua ncha ya kanga yake mbele ya mjomba wake, mama yake na mshenga wangu, akatoa ufunguo wa chumba cha mwanaume.

Mlango ukafunguka. Na wote wakaniona: kaptura, kifua wazi, jasho, pedi ya kuchezea gemu mkononi, na mabuti ya mvua mpaka magotini. Kiangazi.

Mama Hidaya akajifunika uso kwa kanga. Baba Mkubwa akatazama juu, akahesabu mabati. Mjomba akanitazama kuanzia mabuti kupanda, akafika usoni, akatazama TV, akanitazama tena.

"Kumbe ndiye yeye," akasema. "Na nguo zake."

Nikaona yameisha. Nikaanza kuwaza kuhama, nani atanibebea kabati. Nikasema, kwa sauti ya kujikwaa, jambo pekee nililokuwa nalo: "Mjomba, nisamehe. Niliandika kwa hasira. Umenizungusha na mie nampenda Hidaya."

Sikukusudia kulisema hilo la mwisho. Lilitoka lenyewe. Hidaya akainamisha kichwa, lakini niliuona mdomo wake.

Mjomba akavua kofia, akaingia, akakaa kitandani kwangu, kitanda kikalalamika. Akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kidude. Kuruka ni wapi?"

Jamani, mjomba yule alitumbukia kwenye shimo la kwanza mpaka dirishani wakachoka, wakaondoka mmoja mmoja. Alitumbukia mpaka maandazi yakaletwa yakaliwa. Kila akitumbukia anaegemea upande, anainua pedi juu kana kwamba ndiyo itamvusha, anasema, "Nimeruka, mnaona nimeruka!" Na mie nimepiga magoti pembeni na mabuti yangu namwambia, "Mapema kidogo, Mjomba. Bado. Bado. Sasa!" Alipovuka alinipiga kofi la mgongoni ambalo bado naandika nalo.

Na hapo hapo, macho kwenye TV, akatoa neno.

"Salehe, nilisema huyu kijana sijui ana nini ndani. Ana hasira, kumbe. Vizuri. Mtu asiye na hasira kabisa simpi mtoto. Na ana adabu ya kuizuia, isipokuwa ile mara moja." Akatumbukia. Akatukana kidogo. "Mchukueni binti. Mahari ni ile ile tuliyozungumza, hakuna kinachoongezeka."

Mama Hidaya akapiga kigelegele hapo hapo mlangoni. Machozi yalinitoka, sifichi. Nikamshika Baba Mkubwa mkono.

"Ila na hiki kidude," akasema Mjomba.

"Kimepita!" akasema Baba Mkubwa kabla sijafungua mdomo. Akakipitisha! Gemu yangu mpya ya mezani, Mabuti ya Nne, pedi zote mbili! Mjomba kaondoka nayo jioni hii ndani ya kapu la maandazi, anakwenda kuiunganisha Kinyerezi kwenye TV yake ya betri ya gari, ambayo haina rangi. Mabuti ya Nne bila rangi, Petro. Ni kama kumla samaki aliyefungwa plastiki. Na ameniita Jumapili ijayo nikamfundishe namna ya kutotumbukia, akasema nije na mabuti.

Kwa hiyo nimepata mke. Shangilieni, kisha nyamazeni, maana kisa hakijaisha na ndiyo sababu hasa ya kuwaandikia.

Wageni walipoondoka, Hidaya akabaki mlangoni pangu, rasmi sasa, hakuna wa kumfukuza. Akaniangalia nikiwa nakunja ule waya.

"Umemwandika mjomba," akasema. "Mie hukuniandika popote?"

Nikamwambia siyo hivyo, mpenzi. Akaona juu ya meza ile ya mkononi, tofali langu la kijivu, na Mabuti ya Tatu ndani.

"Na hii nayo inaandikwaga majina?"

Nikasema kidogo. (Kidogo!)

"Basi hii niachie mie, na wewe umeshazoea kugawa. Nitacheza jikoni maandazi yakiiva. Naanzia pale ulipofikia wewe."

Rajabu, Juma, Petro, na nyie wageni wa Mwanza. Sikumwandika kwa ubaya. Yule punda ndiye kiumbe ninayempenda kuliko wote katika Mabuti zote nne. Ukianguka anakuja kukuokota, ukipotea anakuita, habagui, hachoki. Nilikuwa namfikiria yeye, nikampa punda jina la HIDAYA kwa mapenzi yangu yote. Lakini nendeni mkamweleze hivyo mwanamke aliyeposwa leo jioni.

Nimemwambia betri zimekufa, nimezianika juani. Amekwenda kuzitazama, akarudi akasema jua limeshazama. Kesho asubuhi atazianika mwenyewe, kisha awashe.

Mwenye kujua namna ya kubadili jina la punda bila kuanza gemu upya, anijibu usiku huu huu. Na asicheke.